Jinsi ya kupima mpangilio wa lipidi za ngozi kwa FTIR, na namna ya kuisoma spektra bila kujidanganya

Watu wengi wakishika mashine ya FTIR, ile inayomulika sampuli kwa mwanga wa infraredi na kuchora spektra, yaani grafu ya mwanga uliomezwa, kwa ajili ya kazi ya ngozi wanakimbilia piki ya 2850, kilima kimoja kwenye grafu hiyo, wanaona imesogea kidogo, wanaandika "lipidi zimevurugika" na wanafunga kompyuta. Hapo ndo shida inapoanzia, manake ile piki inajibu swali moja tu na wewe una maswali mawili. La kwanza, minyororo ya mafuta imenyooka au imejikunja? La pili, kama imenyooka, imebanana vipi ubavu kwa ubavu? Kila swali lina sehemu yake kwenye spektra na ukichanganya haya mawili unaweza ukasema ngozi iko salama wakati haiko salama, au kinyume chake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia usichanganye.

Kwanza ujue unapima nini. Sehemu inayotuhusu ni stratamu koneamu, lile tabaka la juu kabisa lenye seli zilizokufa, unene wake sehemu nyingi za mwili ni kama mikromita 10 mpaka 20 tu, ila ndo linalozuia maji yasitoke na vitu vya nje visiingie. Wataalamu wamezoea kulifananisha na ukuta, seli zilizojaa keratini ndo tofali na lipidi ndo saruji iliyo katikati, na kitu chochote kikitaka kupita lazima kipite kwenye hiyo saruji. Lipidi zenyewe ni za aina tatu kubwa, seramaidi, kolesteroli na asidi huru za mafuta, na kwa hesabu ya moli zinakaribiana. Fosfolipidi ambazo ziko kwenye kila utando wa seli hai huku karibu hazipo. Alafu minyororo ya asidi hizi ni mirefu, mingi ina kaboni 22 na 24, na karibu yote haina bondi maradufu, ndo mana kwenye joto la ngozi, nyuzi kama 32 hivi, hizi lipidi kwa sehemu kubwa ni yabisi na sio mafuta ya kutiririka. Ukishalielewa hilo basi ujue unachokitafuta ni namna yabisi hiyo ilivyojipanga.

Mipangilio iko mitatu. Othorombiki ndo iliyobana kuliko zote, minyororo imenyooka na haiwezi hata kujizungusha. Heksagonali minyororo bado imenyooka lakini imepata nafasi, inajizungusha kwenye mhimili wake. Ya tatu ni kimiminika, minyororo imejikunja ovyo na hakuna mpangilio. Ngozi ya binadamu yenye afya kwa sehemu kubwa ni othorombiki ikiwa na heksagonali kiasi, na ukiwa juu karibu na hewa ile heksagonali huwa nyingi zaidi.

Piki gani inajibu nini

Piki za kunyooka kwa CH2, yaani pale bondi za kaboni na haidrojeni zinapovutika na kurudi, ziko karibu na 2850 (ile linganifu) na 2920 (isiyo linganifu), namba zote za piki humu ni cm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi kwenye sentimita moja. Hizi zinakwambia kama mnyororo umenyooka. Lipidi zikiwa zimejipanga vizuri ile linganifu inakaa 2848 mpaka 2849 hivi, zikiyeyuka inapanda mpaka 2853 au zaidi. Sasa angalia hapa, kutoka othorombiki kwenda heksagonali hii piki inasogea kama 1 tu au hata chini ya hapo, manake minyororo bado imenyooka. Kwa hiyo ngozi inaweza ikapoteza ule mbano wake wote wa othorombiki na 2850 yako ikawa imesogea kiasi ambacho ukikiangalia kwa haraka utasema ni kelele za mashine.

Swali la pili linajibiwa kule chini, kwenye piki za CH2 kujifungua na kujifunga kama mkasi, karibu na 1468, na zile za kuyumba karibu na 720. Minyororo ikiwa othorombiki, piki ya mkasi inagawanyika mara mbili, moja 1463 na nyingine 1473, na ile ya kuyumba inagawanyika 720 na 730. Ikiwa heksagonali unapata piki moja moja tu, 1468 na 720. Sababu ni kwamba kwenye othorombiki minyororo miwili jirani iko karibu mno kiasi kwamba mitetemo yao inashikana, mmoja unausukuma mwingine, na nguvu moja inagawanyika kuwa mbili. Mnyororo ukianza kujizungusha ule ushikamano unakatika na piki zinarudi kuwa moja. Ukubwa wa mgawanyiko nao una habari yake, visiwa vya othorombiki vikiwa vikubwa mgawanyiko unafika kama 10, vikiwa vidogo vidogo piki mbili zinasogeleana kabla hazijaungana kabisa. Mimi binafsi ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya spektra kwa kazi ya ngozi ningechukua hii ya mkasi, japo ni ngumu kuipata safi.

Kuna nyingine za kuziangalia kwa jicho la pembeni. 1740 ni esta, na lipidi za tabaka hili zina esta kidogo sana, kwa hiyo ukiiona kubwa jua umeingiza sebamu, yale mafuta yanayotoka kwenye vinyweleo. 1710 ni asidi za mafuta. 1650 na 1550 ni amaidi za keratini, na kwenye mchanganyiko wa lipidi peke yake ni amaidi za seramaidi. Kati ya 1340 na 1370 kuna piki ndogo ndogo za CH2 zinazohesabu mikunjo ya mnyororo kwa aina yake, ni nzuri sana kwa lipidi safi ila kwenye ngozi nzima protini inazifunika, usihangaike nazo mwanzoni.

Chagua sampuli kulingana na swali

Njia ziko tatu na kila moja ina ukweli wake na mtego wake.

Ya kwanza ni kupima ngozi ya mtu aliye hai kwa ATR, njia ya kupima kwa mwanga unaodunda ndani ya kristali, unaweka mkono juu ya kristali na unapima. Ya pili ni kutenga stratamu koneamu kutoka kwenye ngozi iliyotolewa kwenye upasuaji, kwa ruhusa ya kamati ya maadili na ya mwenyewe. Ya tatu ni kutengeneza mchanganyiko wa lipidi kwenye maabara, seramaidi na kolesteroli na asidi za mafuta kwa viwango unavyovijua. Kama unataka kujua krimu fulani inafanya nini kwa mtu, nenda ya kwanza. Kama unataka kujua lipidi zinayeyuka nyuzi ngapi, nenda ya pili, manake hakuna mtu utampasha mpaka nyuzi 90. Kama unataka kujua seramaidi gani inafanya kazi gani, ya tatu ndo itakupa jibu.

Wengine wanatumia ngozi ya sikio la nguruwe kwa sababu ni rahisi kuipata, na kwa kazi za kupenyeza dawa inasaidia sana, ila kwa mpangilio wa lipidi kuwa mwangalifu, stratamu koneamu ya nguruwe kwenye joto la chumba ni heksagonali kwa sehemu kubwa. Ukiitumia kutafuta kama krimu yako inaondoa othorombiki utakuwa unatafuta kitu ambacho hakikuwepo toka mwanzo.

Kutenga tabaka lenyewe kunaenda hivi, ngozi iliyokatwa nyembamba unaiweka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika moja au mbili, epidemisi, ngozi ya juu, inaachia unaivuta taratibu, alafu unailaza juu ya karatasi ya chujio iliyoloweshwa kwenye bafa yenye tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, usiku kucha kwenye baridi ya nyuzi 4 na kisha saa moja hivi kwenye nyuzi 37. Seli zilizo hai chini zinamomonyoka, kinachobaki ni utando mwembamba unaopitisha mwanga. Suuza na kizuizi cha tripsini, suuza na maji, kausha, hifadhi kwenye gesi ya naitrojeni au ya agoni na jeli ya silika ili isioze kwa oksijeni. Kumbuka tu kwamba ile nyuzi 60 tayari imevuka joto ambalo othorombiki inageuka heksagonali, kwa hiyo ipe sampuli muda wa kutulia kabla ya kupima, na sampuli zote zipewe muda ule ule.

Kwa mchanganyiko wa maabara unayeyusha lipidi kwenye klorofomu na methanoli, unapulizia kidogo kidogo juu ya dirisha la zinki selenaidi au fedha bromaidi, kiyeyushi kikishakauka unapasha mpaka karibu na joto la kuyeyuka, nyuzi 70 na kitu, dakika kama kumi, alafu unaacha ipoe. Bila hatua hii ya kupasha lipidi zinabaki zimejitenga vile zilivyokauka na unapima historia ya klorofomu badala ya kupima mpangilio.

Kristali na kina

Hii sehemu watu wanairuka na ndo inayoamua unapima wapi. Kwenye ATR mwanga haupiti kwenye ngozi, unagonga ukingo wa kristali na kuchungulia kidogo tu upande wa pili. Kina cha kuchungulia kinategemea kristali na urefu wa wimbi. Ukiwa na almasi au zinki selenaidi, pembe ya nyuzi 45, kwenye 2850 unaona kama mikromita 0.6, kwenye 1468 unaona kama 1.2. Ukiwa na jemaniamu ni kama 0.23 na 0.45. Maana yake ni mbili. Moja, unapopima mkono wa mtu unaona juu juu tu, seli moja au mbili za juu, usiseme umepima tabaka zima. Pili, ndani ya spektra ile ile piki ya 2850 na ile ya 1550 hazitoki kwenye kina kimoja, ya 1550 inatoka karibu mara mbili chini zaidi, kwa hiyo unapogawanya eneo la CH2 kwa eneo la amaidi ili ujue lipidi ni nyingi kiasi gani, unalinganisha vyumba viwili tofauti. Uwiano huo utumie kulinganisha sampuli na sampuli zilizopimwa kwa kristali ile ile, usiuchukulie kama kiasi halisi.

Almasi ni ngumu haikwaruziki, kwa mkono wa mtu ni nzuri, lakini yenyewe inameza mwanga kati ya 1900 na 2300 hivi. Kama kazi yako ina diuteriamu, yaani haidrojeni nzito, na nitaifikia, piki za CD2 (CH2 yenye diuteriamu badala ya haidrojeni) ziko humo humo ndani. Kwa kazi hiyo tumia zinki selenaidi au jemaniamu, au pitisha mwanga moja kwa moja kwenye sampuli. Jemaniamu nayo ina raha yake kwa tabaka jembamba, ila kwenye 720 inaanza kuishiwa, hapo almasi inaishinda.

Detekta, kile kifaa kinachopokea mwanga, ya kawaida ya aina ya DTGS inatosha kwa 2850. Kwa mkasi na kwa kufuatilia joto linavyopanda chukua detekta ya aina ya MCT iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika, ni ya haraka na ina kelele kidogo, ila angalia mwisho wake uko wapi, nyingine zinakata kabla ya 720 na utaona kelele tu pale unapotafuta piki.

Rezolusheni, yaani uwezo wa mashine kutenganisha piki zilizo karibu, ya 4 inatosha kwa 2850, kwa mkasi weka 2 au 1. Skani 64 mpaka 256 kulingana na muda ulionao. Na kila siku kabla hujaanza pima karatasi ya polistairini, piki yake ya 1601 ikiwa imehama ujue na piki zako zote zimehama, manake unafukuzia tofauti ya 1 au chini ya hapo.

Maji, adui wa kila siku

Mvuke wa maji hewani una mistari myembamba myembamba kuanzia 1400 hivi mpaka 1900, yaani inapita katikati ya piki za mkasi. Nimeona spektra ambazo mtu kaonyesha mgawanyiko mzuri kabisa wa othorombiki, ukichungulia 1700 na 1800 pembeni unakuta miiba ile ile imejaa, hapo hakuna othorombiki hapo, ni mvuke. Kwa hiyo pitisha hewa kavu au naitrojeni ndani ya mashine muda wa kutosha, chukua spektra ya msingi, ile ya mashine bila sampuli, karibu na wakati wa kupima sampuli, na kabla hujaamini kitu chochote kwenye 1460 mpaka 1475 angalia 1700 mpaka 1850 kama pametulia. Ukitoa mvuke kwa kompyuta fanya hivyo kwa kutumia spektra ya mvuke uliyoipima mwenyewe kwenye mashine hiyo hiyo na rezolusheni hiyo hiyo.

Maji ya ndani ya ngozi nayo yana piki pana karibu na 1640, inakaa juu ya amaidi. Watu wanabadilisha maji ya kawaida kwa maji mazito ya diuteriamu ili eneo lile lisafike, na kwa amaidi inafanya kazi vizuri, lakini ukitaka mkasi kwenye sampuli hiyo hiyo utajuta, manake maji yaliyochanganyika nusu haidrojeni nusu diuteriamu yana piki yake karibu na 1450 na amaidi ya protini ya 1550 ikipokea diuteriamu nayo inashuka mpaka pale pale. Amua mapema unataka amaidi au unataka mkasi.

Sampuli zilizotengwa ziweke kwenye unyevu mmoja kabla ya kupima. Chumvi ya kawaida iliyojaa kwenye maji mpaka inabaki chini bila kuyeyuka, ndani ya chombo kilichofungwa, kwenye nyuzi 25 inakupa unyevu wa hewa wa 75%, magnesiamu kloraidi inakupa 33%. Siku moja au mbili humo ndani na sampuli zako zinaongea lugha moja.

Kupima mkono wa mtu

Chagua sehemu ya ndani ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, sebamu ni kidogo pale. Paji la uso liache kama huna sababu maalumu, sebamu pale ni nyingi na ni kimiminika kwenye joto la ngozi, inaipandisha 2850 yako na utasema lipidi za ngozi zimevurugika wakati umepima mafuta yaliyomwagika juu yake. Ukimwambia mtu asipake chochote tangu jana yake, akae kwenye chumba chenye joto na unyevu vilivyopimwa nusu saa hivi kabla ya kupima, umeshaondoa nusu ya mtawanyiko.

Ukishalaza mkono kwenye kristali, mgandamizo uwe mmoja kwa watu wote na muda uwe mmoja. Ngozi iliyofunikwa na kristali haipumui, maji yanajikusanya chini yake, na spektra ya sekunde ya thelathini sio ile ya dakika ya tano. Pima haraka, inua, futa kristali, pima tena sehemu ya pembeni.

Ukitaka kushuka chini tumia utepe wa kunata, bandika, gandamiza kwa uzito ule ule, vuta, pima ngozi, rudia. Mwaka 1990 Bommannan, Potts na Guy walifanya hivi kwa watu hai wakaonyesha kwamba lipidi za juu kabisa zimelegea zaidi na zinakaza kadiri unavyoshuka, na mpaka leo ukirudia jaribio lile kwa uangalifu utaiona 2850 ikishuka utepe baada ya utepe. Usihesabu utepe kama ndo kina chenyewe, watu wanatofautiana na utepe wa kwanza unabeba zaidi kuliko wa kumi, pima protini iliyobaki kwenye kila utepe ukitaka kujua umeshuka kiasi gani. Na gundi ya utepe, nyingi ni za akrileti, ina piki kubwa karibu na 1730 ambayo ukiiangalia haraka utaiita sebamu. Pima gundi peke yake siku ya kwanza, weka spektra yake pembeni, kila ukiona kitu 1730 linganisha.

Kupandisha joto

Kwa tabaka lililotengwa na kwa mchanganyiko wa maabara hili ndo jaribio linalolipa kuliko yote. Anza nyuzi 10 hivi au chini, panda mpaka 90, taratibu, robo ya nyuzi mpaka nyuzi moja kwa dakika, unachukua spektra mfululizo. Chini ya joto la chumba hakikisha chemba ina hewa kavu, ukungu ukitua kwenye dirisha umeshaharibu.

Alafu chora grafu mbili, moja ya nafasi ya 2850 dhidi ya joto na nyingine ya mkasi dhidi ya joto, kwenye karatasi moja. Utaona hivi kwa ngozi ya binadamu. Kuanzia nyuzi 30 hivi mpaka 40 na kidogo zile piki mbili za mkasi, hasa ile ya 1473, zinaanza kufifia mpaka inabaki 1468 peke yake, wakati 2850 imesogea kidogo mno. Hiyo ni othorombiki ikigeuka heksagonali, na angalia vile inavyokaa karibu na joto la ngozi yenyewe, kwangu hili ni moja ya mambo ya kuvutia sana kwenye ngozi, kwamba ulinzi wetu unaishi ukingoni mwa badiliko. Kisha kimya, kisha kati ya 60 na 80 grafu ya 2850 inapanda kwa nguvu, 3 au 4 nzima, lipidi zimeyeyuka. Hapo unaona kwa macho yako kwa nini piki moja haitoshi, badiliko la kwanza karibu lote liko kwenye mkasi na la pili karibu lote liko kwenye 2850.

Pasha mara ya pili sampuli ile ile baada ya kupoa, usiishie ya kwanza. Kama mchanganyiko wako haurudi ulivyokuwa, jua ulikuwa haujatulia.

Kusoma nafasi ya piki

Usibofye juu ya kilele kwa mausi. Nafasi ya piki inapatikana kwa kitovu cha uzito cha sehemu ya juu ya piki, au kwa derivativu ya pili, hesabu inayoonyesha jinsi mchoro unavyojipinda, na ukiwa na kelele kidogo unaweza kurudia nafasi ndani ya 0.1 hata kama rezolusheni ni 4, kwa sababu piki nzima inachangia. Ila njia uliyoanza nayo maliza nayo, kitovu cha uzito na derivativu vinatoa namba zinazotofautiana kidogo na huwezi kuzilinganisha. Vivyo hivyo ATR na mwanga unaopita moja kwa moja, piki kali kwenye ATR zinashuka kidogo kwa sababu za optiki tu, usichukue 2848 ya ATR ukaweka pembeni ya 2849 ya mtu aliyepitisha mwanga ukasema ngozi yako imekaza zaidi. Kulainisha spektra kufanyike kidogo iwezekanavyo, na derivativu ya pili inakuza mvuke kuliko inavyokuza lipidi, na mvuke tumeshauongea.

Kwa mkasi kwenye ngozi nzima kuna protini karibu na 1450 inayovuta msingi upande mmoja. Chora mstari mfupi wa msingi chini ya piki, 1460 mpaka 1478 hivi, au linganisha na tabaka ambalo lipidi zake zimeondolewa kwa klorofomu na methanoli, alafu pima upana wa piki au uwiano wa zile mbili kwa kati. Upana ni mpole zaidi kwa data chafu. Kuzilazimisha kwenye kompyuta kuwa piki tatu, mbili za othorombiki na moja ya heksagonali, kunatoa asilimia nzuri nzuri za kuchapisha, ila ukimpa mtu mwingine data ile ile akaanza na upana mwingine anapata asilimia nyingine, kwa hiyo mimi naziamini kwa kulinganisha tu.

Diuteriamu, ukitaka kujua nani anafanya nini

2850 haikwambii ni mnyororo wa seramaidi au wa asidi ya mafuta. Ukinunua asidi ya mafuta ambayo haidrojeni zake zimebadilishwa kuwa diuteriamu, piki zake zinahamia 2090 na 2195, mbali na kila mtu, na sasa unaweza kuifuatilia asidi kwa 2090 na seramaidi kwa 2850 kwenye sampuli moja. Kikundi cha Joke Bouwstra kule Leiden, Uholanzi, na kile cha Richard Mendelsohn pale Rutgers, Marekani, wamefanya kazi nyingi sana kwa njia hii. Asidi ya oleiki ni mfano mzuri wa faida yake, ina bondi maradufu iliyopinda katikati na inaongeza upenyo wa ngozi, na ilipowekewa diuteriamu ikaonekana kwamba ikiwa nyingi inakaa kimiminika kwenye madimbwi yake yenyewe huku lipidi za ngozi pembeni zikiwa bado yabisi. Bila diuteriamu ungeona tu 2850 imepanda na ungesema imeziyeyusha zote.

Ila mtego wake ni huu. CH2 na CD2 hazishikani mitetemo kwa sababu kasi zao ni tofauti. Kwa hiyo seramaidi ya kawaida na asidi ya diuteriamu zikikaa jirani kwenye othorombiki moja iliyobana vizuri kabisa, mgawanyiko wa mkasi unapungua au unapotea, na asiyejua atasema ni heksagonali. Ukweli ni kinyume, kupotea huko ndo ushahidi kwamba zimechanganyika kwenye kimia kimoja. Kila mchanganyiko wa diuteriamu lazima uwe na pacha wake usio na diuteriamu uliopimwa siku hiyo hiyo, pacha akionyesha piki mbili na wa diuteriamu akaonyesha moja, zimechanganyika, wote wawili wakionyesha mbili, kila lipidi imejitenga na wenzake.

Usichoweza kusema

FTIR inaona ubavu kwa ubavu, haioni jinsi tabaka za lipidi zilivyorundikana moja juu ya nyingine. Ule mrudio wa nanomita 13 na ule wa 6 ambao umeandikwa sana kuhusu ngozi unapimwa kwa mtawanyiko wa eksirei, na sampuli inaweza kuwa na othorombiki nzuri na mrundikano mbovu. Kwa wagonjwa wa ukurutu wa atopiki, kwa mfano, Leiden walitumia njia zote mbili, wakaona heksagonali imeongezeka kuliko kwa watu wenye afya na mnyororo wa seramaidi umekuwa mfupi, na hayo mawili yanakwenda pamoja. Wewe ukiwa na FTIR peke yake sema kuhusu minyororo na mbano, mrundikano mwachie mwenye eksirei.

Na kwenye ripoti yako andika joto la sampuli, unyevu, kristali na pembe, rezolusheni, njia ya kutafuta nafasi ya piki, namba ya utepe kama ulitumia, na weka spektra yenyewe ghafi ya 1400 mpaka 1850 ili msomaji ajionee kama kuna mvuke. Mtu akikupa 2849.3 bila joto hajakupa kitu.